Kifuniko cha Tanki la Mbayo

Mbayo alikuwa fundi wa jenereta katika hospitali yetu ndogo pale Kolwezi, nami nilikuwa mfua shuka. Tulifanya kazi ukuta kwa ukuta miaka kumi na mmoja, kwa hiyo najua ninachosema: alijua mashine, lakini alipenda kusifiwa zaidi.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya bure ya kila juma, tuliambiwa wageni wa serikali watakuja Jumatatu, kila kitu kipakwe rangi. Sisi wengine tulipaka chokaa tukaenda zetu. Mbayo alipaka tanki la mafuta rangi ya kijani mara tatu, pamoja na kifuniko chake. Mkurugenzi akampigia makofi mbele yetu sote. Tangu hapo, hata nzi hakuruhusiwa kutua pale.

Jumapili asubuhi Tshiela, binti yake Mbayo, alikuwa juu ya meza ya upasuaji, mtoto amekaa vibaya tumboni, umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Jenereta iliwaka mara moja, tukamshukuru Mungu. Baada ya robo saa ikakohoa, ikazimika.

Mbayo akapiga stata. Mashine ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Bomba halikutoa moshi hata kidogo.

"Mafuta haifiki," akasema.

Lakini kioo cha ubavuni mwa tanki kilionyesha mafuta tele. Akabadilisha filta. Akalegeza nati ya bomba la mafuta, akapiga pampu ya mkono: likatoka tone moja, basi. Akapiga stata tena. Betri ikaanza kuchoka. Mimi nilikuwa nazunguka kama kuku anayetaka kutaga, nikitamani kumsukuma nifanye mwenyewe, mimi nisiyejua hata kushika spana.

Mama Ngeleka, muuguzi, akatoka mbio chumba cha upasuaji, walikobaki na mwanga wa tochi tu, glovu zake zina damu.

"Tata Mbayo! Docteur anasema mutoto anachoka mu tumbo! Na torche njo ile inazimika!"

"Mama, mi niko natafuta!"

"Fungua tanki, uangalie ndani," nikamwambia.

"Acha! Rangi haiyakauka muzuri. Bageni banakuya kesho!"

Hapo hasira ilinipanda kweli.

"Bageni gani? Mugeni yako iko mule ndani, na hana mwangaza!"

Akanitazama. Kisha akashika kifuniko. Kiligoma, rangi ilikuwa imekigandisha. Akakigonga kwa spana, kikalegea, na hewa ikaingia kwa nguvu: fyuuu! Juu ya kifuniko kulikuwa na tundu dogo la kupitisha hewa, na rangi yake mwenyewe ilikuwa imeliziba. Tanki limekosa pumzi, mafuta yatatokaje? Kikulacho ki nguoni mwako.

Alipiga pampu mpaka mapovu yakaisha, akakaza nati. Betri ilikuwa imebakiza mara moja tu. Mashine ikazunguka polepole, ikasita, nikafumba macho. Ikashika.

Jumatatu wageni walipofika, mkurugenzi aliuliza kwa ukali nani amekwangua rangi kwenye kifuniko.

"Njo mi, citoyen directeur," Mbayo akakiri mbele yao wote. "Na njo mi nilikuwa nimeziba."

Kule wodini, kando ya Tshiela, mjukuu wake alikuwa akilia tangu alfajiri, na hakuna aliyetaka anyamaze.