Siku Mama Alipotaka Kuketi Kyaghanda

Miaka ile ya vita, mjini Beni kulikuwa na sehemu mbili za kutunzia mambo ya zamani. Ya kwanza ilikuwa chumba nyuma ya parokia, chenye zana za mababu na picha za wamisionari wenye ndevu. Ya pili aliijenga mwalimu mmoja mstaafu katika kiwanja chake: kyaghanda kamili, ile nyumba ya wanaume wa Kinande, ya miti na nyasi, moto katikati na viti vifupi kuuzunguka. Mimi niliishi Butembo, nauza misumari na mabati, na makumbusho hayakuninyima usingizi. Aliyeyataka ni mama.

Kijijini kwetu, upande wa Musienene, wanaume walikusanyika kyaghanda kila jioni. Waliota moto, wakakata kesi, wakafundisha watoto wao wa kiume. Wanawake walipika, wakaleta chakula hadi mlangoni, wakarudi zao jikoni. Mama alifanya hivyo tangu alipoolewa hadi baba alipofariki na nyumba yenyewe ikaangushwa na mvua. Miaka yote hiyo, alichokiona cha ndani ni mikono iliyopokea sahani.

"Mi niko nataka kuingia mule," aliniambia siku moja, alipopata habari za yule mwalimu kanisani. "Niikale. Chakula baniletee, mi nisipike."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaanza kupanga safari.

Kutoka Butembo hadi Beni si mbali, lakini wakati ule barabara ilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na askari mwenye kiu. Nilimwendea jirani yangu, Mwislamu mwenye lori, ambaye alijua hali ya njia kuliko redio yoyote.

"Samedi munaweza kwenda," alisema. "Dimanche, hapana. Siku ile basoda ba barrière banakuwaka balevi."

Shida ni kwamba chumba cha parokia kilifunguliwa Jumapili tu, baada ya misa. Basi nikapanga hivi: twende Jumamosi katika kabini ya lori, tulale kwa binamu yangu, Jumapili tuanze parokia kisha kwa mwalimu, Jumatatu turudi. Nilijisifu moyoni. Kwangu mimi mpango mzuri ni nusu ya kazi, na mke wangu husema ni ile nusu ninayoipenda.

Ilibaki kumjulisha mwalimu, na njia ilikuwa moja, foni, ile redio ya kupelekea ujumbe mji hadi mji. Ulipanga mstari mbele ya kibanda, ukamwambia fundi ujumbe wako, naye akaupaza kwenye kipaza sauti hadi sokoni wakausikia. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyejifunga leso kiunoni. Ujumbe wake kwa ndugu yake mkubwa ulikuwa mfupi.

"Muambie yaya, nyumba ilishaungua. Na mama hatuyamuona."

Fundi akaurudia kwa sauti kubwa. Kisha akanigeukia mimi. Nilitamani kuondoka, ila watu walikuwa wamenibana nyuma.

"Muambie mwalimu awashe moto dimanche," nilisema chinichini. "Mama iko nakuya kuikala kyaghanda."

Fundi alinitazama, halafu akaupaza hivyohivyo. Yule mama wa leso alikuwa bado pale, anangoja jibu lake. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto. Watu walikuwa wanatafutana maiti kwa hai, nami nilikuwa namtafutia mama yangu kiti. Jibu letu ndilo lililotangulia kuingia: "Mukuye. Moto inawakaka kila siku."

Nilifurahi. Nilidhani mwalimu anauwasha kwa ajili ya wageni wake.

Asubuhi ya Jumamosi mke wangu alipakia mfuko wa maharage na viazi, maana kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Mama aliuona akanuna. "Siku hii mikono yangu ipumuzike," alisema. "Hata kitunguu moya sibebe." Sisi wa Butembo tunataniwa kwamba hata msibani tunakwenda na bidhaa, na hakika nilikuwa nimeshaficha katoni mbili za misumari chini ya kiti. Nikazishusha. Mfuko wa maharage nao nikaushusha kwa mikono yangu, nikaurudisha jikoni.

Chumba cha parokia hakikutuchukua muda. Mama alipita mbele ya vinu, vikapu na majembe kama mtu anayekagua nyumba ya mkwe. "Bintu bii byote niko nabyo mu jikoni," alisema, akatoka.

Kwa mwalimu, moto ulikuwa unawaka kweli. Kuuzunguka waliketi wanawake na watoto, wengi, na nguo zao zilianikwa juu ya zile ngao na mikuki ya ukutani. Walikuwa wamekimbia vita katika misitu ya upande wa Mangina.

"Nilibaweka mule," mwalimu alisema. "Nilikosa fasi ingine. Weye na miye tubakie inje, banalalaka humo."

Nilimvuta mama kando, nikamwambia turudi. Lakini mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshatuona. "Karibu mama. Ikala huku, kwa kiti." Mama aliangalia mikono yake, kisha akainama akaingia.

Kutoka nje niliona wakimsogezea kiti cha karibu na moto. Wakamnawisha. Wakampakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo kutoka chungu kimoja, kile kilichokuwa cha wote. Watoto wakaikodolea macho sahani yake. Kukataa chakula cha mwenyeji ni tusi, na mama si mtu wa kutukana watu, kwa hiyo alikula, polepole, hadi sahani ikaisha. Nilijua kabisa mfuko wa maharage ulikuwa wapi. Sijawahi kujichukia kama saa ile.

Alipotoka alimshukuru kila mmoja, wakubwa kwa wadogo. Kwa binamu yangu hakugusa chakula cha jioni. Mimi niliahidi kwamba jirani angeshusha gunia zima safari yake inayofuata, nikaanza kupanga siku na saa. Hakunisikiliza.

Jumatatu, katika kabini, tulikuwa tumepita kizuizi cha pili mama aliposema.

"Nilikula, na batoto ba benyewe banaangalia tu. Baba yako alikuwaka anameza namna gani?"

Jirani aliangalia barabara.

"Na weye?" mama aliniuliza.

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua. Nilijaribu kukumbuka chakula cha kyaghanda ya baba, na nilichokumbuka ni kwamba kilikuwa kitamu, kwamba sisi wavulana tuligombania makombo ya mwisho, na kwamba sahani tulizirudisha mlangoni zimefutwa kabisa. Kama jikoni kulibaki kitu cha mama kula, sikumbuki. Sikuwahi kuuliza.