Kaka Aliyegoma Kumbeba Mwanawe

Kaka yangu alikaa vitani mwaka mzima, akarudi bila hata mkwaruzo.

Kilichomshinda ni kumbeba mwanawe wa miezi mitano, aliyezaliwa yeye hayupo.

Sitanii. Nepi alifua, akazianika zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Chupa za maziwa alichemsha. Lakini ukimwambia "mshike kidogo," anarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta.

Jumapili moja asubuhi nikamkuta shemeji anafunga begi.

"Narudi kwetu, shem. Kaka yako anaona mtoto si wake."

"Kakwambia hivyo?"

"Angesema ningeshukuru! Hasemi kitu."

Jamani, mimi nikiwaka, hata matusi yangu yana vina. Nikambeba mtoto, nikamfuata kaka jikoni.

"Bunduki uliibeba, damu yako inakushinda? Mwanamume gani wewe?"

"Mdogo wangu, nakuomba. Mtoe hapa."

"Simtoi!"

Nikambandika mtoto kifuani pa kaka, nikarudi nyuma, nikakunja mikono. Nilijiona bingwa.

Akamshika. Vizuri kabisa, kiganja chini ya kisogo. Mtoto akapiga miayo, akasinzia.

Hapo kaka akabadilika.

"Amka," alinong'ona. Kisha akaanza kumtikisa bega. "Usilale. Amka, baba. Amka!"

Mtoto akaangua kilio. Shemeji akaja mbio. Kaka akateleza ukutani hadi sakafuni, kamkumbatia mwanawe, analia kumzidi.

"Huyu analia," akasema. "Mke wangu, huyu analia."

Ndipo yakatoka. Kule vitani alimtoa mtoto mchanga kwenye nyumba iliyolipuliwa. Akakimbia naye hadi kwa daktari, njia nzima akifurahi jinsi alivyotulia.

"Nilidhani amelala," alisema. "Nilikuwa namwimbia."

Mimi, bingwa, nikakunjua mikono.

Shemeji akakaa sakafuni kando yake. Akakishika kidole cha mumewe, akakiweka shingoni mwa mtoto, pale panapodunda.

"Ukiogopa, gusa hapa."

Mtoto akasinzia tena. Kaka akakiacha kidole pale pale, hakumwamsha.

Shemeji hakuondoka. Kaka naye hajapona, nisiwadanganye. Kuna siku hawezi hata kumtazama.

Sasa wewe mwenye ulimi mkali kama wangu, nisikilize. Aliyetoka vitani akikataa kushika kitu, usimuulize yeye ni mwanamume gani.

Muulize, polepole, mara ya mwisho alishika nini.