Kikohozi cha Baba

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi yetu ya wachimba madini ya Kapata, nje ya Kolwezi, ilimpa mgeni mwezi mmoja na karatasi yenye muhuri. Ukizidisha, ilikupa treni ya kurudi ulikotoka. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa amezidisha miezi sita. Lakini arudi wapi? Nyumba yake huko Kasai ilikuwa imechomwa moto.

Basi tulimficha. Mzungu wa kambi akionekana na daftari lake, Bibi alikimbilia chumbani, chini ya kitanda. Kazi ngumu haikuwa Mzungu, ilikuwa Baba. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani, seuze kukaa chumba kimoja. Baba alikohoa kila alipotaka kuingia, Bibi akatokea mlango wa nyuma kwenda jikoni. Majirani walimpa pole ya kifua. Mimi nilicheka mpaka nikapigwa.

Siku moja mchana, zikiwa zimebaki wiki chache tupate uhuru, Mzungu alibisha. Bibi akakimbia kama kawaida, na sote tukasahau kwamba Baba alifanya kazi usiku na sasa amelala. Kufungua mlango wa chumba, akaona miguu ya mkwe wake kitandani. Mwingine yeyote angejitupa chini ya kitanda akanyamaza. Bibi akaona heri treni kuliko aibu ile. Akageuka, akarudi sebuleni, akasimama mbele ya Mzungu.

Mzungu akauliza huyu ni nani, amekuja lini. Mama hakuwa na uongo tena, akasema yote, hata nyumba iliyochomwa. Daftari likafunguliwa. Nilimchukia mtu yule, na penseli yake nikaichukia zaidi.

Haikuandika kitu. Alimtazama Bibi, akalifunga daftari.

“Mama,” akamwambia Bibi, “mwezi ikiisha, mi ndiye nitakuwa mugeni hapa. Ruhusa yangu nitaomba kwa nani?”

Mama akamfasiria Bibi kwa Kiluba. Bibi akajibu bila haraka, akimsogezea kigoda.

“Anasema ukae kwanza, tata, ukule,” Mama akasema. “Kwetu mugeni haombake ruhusa.”

Mzungu yule, ambaye miaka yote alikagua hata masufuria yetu akiwa wima, akakaa. Akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono, vibaya sana. Mimi nilijisikia mwepesi, nikataka kulia na kucheka pamoja.

Ndipo Baba akakohoa chumbani. Mzungu akauliza kama ni mgonjwa. Mama akaangua kicheko, cha kwanza baada ya miezi mingi. Bibi akainuka, akachukua sahani yake, akatoka polepole kwa mlango wa nyuma. Safari hii alikuwa anampisha mkwe wake tu.