Kiu ya Lusajo

Asubuhi ile tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na Lusajo, kambini mashariki ya Kongo tulikotumwa kulinda amani. Tulikuwa tukibishana kama kawaida. Yeye wa Kyimo, mimi wa Ikuti, vijiji vya wilaya moja, kila mmoja anadai ndizi za kwao ndizo ndizi. "Zenu ni za kulisha nguruwe," akasema. Nikacheka mpaka kisu kikaniponyoka. Mchana tukatoka doria.

Bomu lilianguka kando ya barabara.

Lusajo akakaa chini. Tumboni palikuwa na tundu dogo, damu kidogo tu. Nikamshukuru Mungu.

Koplo Zuhura, tabibu wa kikosi, binti wa mwenye duka pale Msasani, hakushukuru. Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na jua lote lile! Akambonyeza ukucha, ukabaki mweupe.

"Anavuja damu ndani. Mlaze, inua miguu."

Akamfunika blanketi, akatundika dripu, akaita helikopta.

"Mbona mikono baridi hivi?" nikauliza.

"Damu imepungua. Mwili unainyima mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate. Huu ndio mshtuko wa damu, si wa woga. Tukichelewa, navyo vitakosa."

Jamani, nilistaajabu. Lusajo alikuwa bado anatutania kwa majina, huku mwili wake, bila kuambiwa na mtu, unagawa kilichobaki kama mama mwenye chungu kimoja na watoto wengi. Moyo ulimwenda mbio hadi niliuona shingoni. Sijaona tena kitu kikipigania uhai namna ile.

"Nipe maji, ndugu yangu."

Nikafungua chupa. Kwetu hata adui akiomba maji hanyimwi.

Zuhura akanizuia. "Atapasuliwa huyu. Akitapika kwenye usingizi wa dawa, yataingia mapafuni. Mloweshe midomo tu."

Nikalowesha kitambaa.

"Mwe! Unaninyima maji?" akasema Lusajo.

Helikopta ilipotua, alikuwa ameshakata roho.

Nilipokwenda Kyimo kumpa pole mama yake, aliuliza jambo moja kwanza: mwanawe aliomba nini? Nikamwambia. Akauliza kama tulimpa. Nikamweleza yote: mikono ya baridi, upasuaji, kitambaa. Zuhura alikuwa sahihi. Naamini hivyo hadi leo, na bado inaniuma.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akarudi na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Yamalize."