Baba Alitaka Agandishwe

Baba alikuwa amesoma kwenye gazeti la kuokota kazini kwamba Wamarekani wameanza kuhifadhi maiti katika baridi kali, mpaka ipatikane dawa ya kuwafufua. Tulikuwa Tooting, London, mwaka wetu wa pili tangu Mapinduzi yatutoe Unguja.

"Nikifa msinichome," alisema. "Niwekeni kwenye barafu. Nchi ikitulia mniamshe, nirudi dukani kwangu."

Mama akaacha kusukuma chapati. "Tangu lini Mhindu akawa samaki?"

Mimi sikucheka. Moyo wa Baba ulikuwa umeshamlaza hospitali, na kwa kuwa sina kaka wa kumwashia moto kama desturi yetu inavyotaka, kazi hiyo ingeniangukia mimi, binti. Nikaenda maktaba. Shule niliiacha tulipohama, kwa hiyo ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, na nisichokielewa hunitafuna kama ninavyotafuna kucha zangu. Nilisoma mpaka nikajua jinsi barafu inavyoota ndani ya mwili kama sindano na kuupasua kutoka ndani. Bado sikutosheka. Nilitaka aone kwa macho yake.

Nikanunua bamia. Nikazifuta moja moja kwa kitambaa, kama Mama anavyozifuta kabla ya kuzikata, maana bamia ikibaki na maji huteleza. Nikazigandisha. Jumamosi nikaziyeyusha kwenye sahani mbele yake. Zikalegea, zikatoa ute.

"Ndivyo utakavyokuwa ukiamka," nikamwambia.

Akazibonyeza kwa kidole. "Hukuzigandisha vizuri."

Mimi! Niliyefuta kila bamia! Nasema wazi: dakika ile nilimchukia. Lakini hasira yangu haikuwa ya bamia. Mtu huyu alikuwa hai, mvi zake za kuhesabika, na kila jioni alikaa na koti lake ndani ya nyumba, hataki kumjua jirani hata mmoja, akipanga maisha ya miaka mia ijayo ambayo mimi na Mama hatumo.

"Ukiamka nani atakupikia? Nani atakuita Baba?"

"Na nyinyi mtagandishwa," akasema, kana kwamba anatugawia peremende.

"Sitaki! Mimi nataka kuishi hapa, sasa, na baridi yake hii hii. Nakwambia, Baba, ukifa nitakuchoma. Kwa mkono wangu mwenyewe, wanaume wapende wasipende."

"We mtoto, majirani!" Mama akaninong'oneza.

"Wasikie!"

Baba akauliza, "Na majivu yangu?"

"Mto Thames."

"Thames?" Alishtuka kuliko alivyoshtushwa na kifo. "Maji machafu yale?"

"Umewahi kuyaona?"

Hakuwahi. Muda wote huo London, hakuwahi. Akainuka, akatafuta viatu vyake, akaniuliza kwa ukali basi la kwenda huko linapita wapi. Bado nilikuwa na hasira. Nikachukua koti langu, nikatangulia mlangoni.