Wenzake wa Fizi Ndani ya Wimbo wa Kantri

Kila redio ya ghala la Garland, huko ughaibuni, inapopiga ule wimbo wa kantri unaosifu marafiki wa kijijini, dereva wa foklifti ya kuinulia mizigo hupunguza mwendo, hugonga usukani kwa kidole gumba na kuimba kwa Kiswahili, akiwataja wenzake wa kwao Fizi aliolima nao mihogo: Wilondja, Asukulu, Etabo. Leo, baada ya kumtaja Asukulu, alinyamaza, gitaa likapita peke yake.

“Papa, leo Etabo umemusahau?” Mado, mfungaji maboksi, alimtania.

Dereva akazima injini. Akavua glavu, akaivaa tena.

“Juzi alinipigia. Nikamuambia niko ku kazi, nitakupigia.” Akatazama usukani. “Jana wamemuzika.”

Redioni, marafiki wa ule wimbo walikuwa bado wazima wote.