Wimbo wa Nane, Upande wa B

Tarehe 17 Agosti 2002. Upepo ulianza kabla ya jua, ule wa kipupwe unaotoka mashariki na kuingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Hakuna wingu. Ndivyo daftari langu linavyosema, na chini yake nimeandika: "Leo kanda inaingia mnadani Mtinko. Mungu asaidie." Baada ya hapo ukurasa ni mtupu. Tangu nimalize darasa la saba nilikuwa na mazoea ya kuandika mstari mmoja au miwili kila jioni, lakini jioni ile sikuandika. Kwa hiyo haya ya sasa yanatoka kichwani, na kichwa cha mtu hujipendelea. Nitajaribu kusema na yale yasiyonifaa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mnyaturu wa hapo hapo Mtinko. Mimi baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Manyoni na kazi ya reli. Tulijuana Singida mjini, kwenye kibanda nilichokuwa nafanya kazi ya kunakili kanda: mtu analeta kanda tupu, anachagua nyimbo kwenye orodha ya ukutani, jioni anakuja kuchukua. Miaka ile redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika, mitumba ilijaa sokoni, na kila kijana aliyepata suruali pana alijiona anaweza kuchana mistari ya rapu. Na sisi tulijiona hivyo. Yeye aliandika mistari vizuri kuliko mimi, hilo nilikiri hata wakati ule. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu, kuiga sauti za watu.

Kabila lake na langu ni watani. Kwetu mtani anakutania mchana kweupe na huwezi kukasirika, na msibani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anagombana na wafiwa kwa sauti yake. Akishazidi, wafiwa wanampa kitu, na akishapokea amenyamaza. Hapo hakuna mjadala, hata mtoto anajua.

Baba wa mwenzangu alifariki mwaka mmoja kabla ya kanda. Alikuwa mtu mwema ila alikuwa na tabia moja iliyojulikana kijiji kizima: ufunguo wa stoo ya mtama na alizeti hakumwachia mtu. Aliufunga kwa kamba kiunoni, na kila asubuhi aliuliza kama kuna aliyeugusa, akitanguliza kikohozi mara mbili. Msibani nilivaa koti lake, nikakohoa mara mbili, nikamwendea mjane pale alipoketi na wanawake. Nikamwuliza kwa sauti ya puani, "Mama, ufunguo nani kaugusa?" Wanawake walicheka hadi wakashikana. Mjane naye alicheka, machozi yanamtoka, akasema, "Mpeni jogoo huyu, aniache." Nikapewa jogoo, nikavua koti. Nafikiri lile ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufanya mbele za watu.

Miezi kumi baadaye tukaenda Arusha kurekodi. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, magodoro yamegongelewa ukutani, joto kali, na prodyuza alikuwa kijana wa umri wetu aliyevaa kofia ya sufu humo ndani. Alitupa siku tatu. Siku mbili za kwanza tulimaliza nyimbo saba, zote za mwenzangu: za vijana kukosa ajira, za ukimwi, ya mkulima wa vitunguu anayepangiwa bei na mwenye lori. Ya vitunguu ilikuwa nzuri kweli. Hata leo nikiisikia naona ilistahili kusikilizwa na watu wengi.

Siku ya tatu, wakati tunakula, nikawa nachekesha. Nikamwiga konda wa basi tulilokuja nalo, nikamwiga mwalimu wetu wa zamani, kisha nikakohoa mara mbili. Ilitoka yenyewe, au ndivyo ninavyopenda kuamini. Prodyuza aliacha kula. Akasema hiyo ndiyo nyimbo, hizo nyingine ni mahubiri. Lakini hakutulazimisha, nisimsingizie. Alisema tu kwamba biti ipo na muda upo, tuamue wenyewe.

Mwenzangu aliniangalia. Akasema polepole, "Ulishapokea jogoo."

Nikamjibu, "Jogoo alikuwa wa msiba. Huu ni muziki."

Akasema, "Mama atasikia."

"Atacheka. Si alicheka siku ile?"

Alinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kama kunyamaza kule kulikuwa kukubali. Haki ni kusema kwamba kiitikio aliimba na yeye, na mahali fulani kwenye kanda anasikika akicheka, kicheko kifupi, cha kweli. Lakini haki pia ni kusema kwamba mimi ndiye niliyesimama kwanza kwenda kwenye maiki. Yeye alikuwa amepanda basi kwa ajili ya nyimbo zake saba, na nadhani aliona kwamba mimi nikigoma, na hizo saba zitakufa. Wimbo wa ufunguo ukawa wa nane, wa mwisho upande wa B.

Nakala tulizitengeneza kibandani kwangu kwa wiki mbili, nikizungusha mashine mchana kutwa tajiri mwenye kibanda asipokuwepo. Karatasi za jalada tulitoa kwenye mashine ya fotokopi, picha yetu ikatoka nyeusi hata meno hayaonekani. Siku ya mnada tukaenda Mtinko na redio kubwa, spika mbili na betri ya gari. Tukapanga kanda juu ya turubai kati ya muuza majembe na fundi cherehani.

Tulianza na upande wa A. Watu walipita. Wengine walisimama, wakasikiliza kidogo, wakauliza kama tunauza na betri. Mzee mmoja aliusikiliza wimbo wa vitunguu hadi mwisho, akasema maneno yana akili ila yanakimbia mno. Mwenzangu alifurahi, akamweleza kila mstari upya, taratibu, yule mzee akitikisa kichwa. Hakununua. Saa tano ilipofika tulikuwa tumeuza kanda chache mno, na mimi nikasema tugeuze. Hilo nalikumbuka bila shaka yoyote. Mimi ndiye niliyesema.

Kikohozi kiliposikika, fundi cherehani aliinua uso. Akaita jina la ukoo wa mwenzangu, akacheka, akaita wenzake. Kiitikio kilipokuja mara ya pili tayari palikuwa na duara. Walimjua. Nusu ya mnada ule walimjua marehemu, na waliosalia hawakuhitaji kumjua, kwa kuwa kila nyumba ina mtu wa namna ile. Wakataka turudie. Tukarudia. Kanda zikaanza kwenda, vijana wanazipokea kwa mikono miwili kama peremende. Fundi cherehani akachukua yake akaiweka kwenye redio yake mwenyewe. Basi la kwenda mjini lililokuwa linangoja abiria likachukua moja. Nikamtazama mwenzangu, na alikuwa anatabasamu. Siongezi neno. Kwa muda ule mfupi sisi wawili tulikuwa na furaha.

Mama yake alikuwa upande wa pili, kwenye mistari ya wauza vitunguu. Nilijua kwamba yupo. Asubuhi nilimsaidia kushusha gunia, nikampa shikamoo, akanitania kwamba Mnyamwezi kabeba mzigo bila kuahidiwa chakula, leo mvua itanyesha. Sikumwambia kuhusu wimbo. Nilitaka iwe kama siku ile, ausikie ghafla na kucheka.

Duara lilipasuka akapita. Alikuwa ameufunika uso nusu kwa kanga, labda kwa vumbi tu. Hakumtazama mwanawe. Aliitazama redio, halafu akanitazama mimi, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Mwanangu, hii inazimwa wapi?"

Nikabonyeza, ikanyamaza. Lakini nyuma yetu kwa fundi cherehani marehemu mume wake alikuwa bado anakohoa, na kutoka kwenye basi akikohoa tena, sekunde chache nyuma ya kikohozi cha kwanza.

"Na ile?" akauliza. Kisha akageuka kidogo. "Na ile?"

Mwenzangu alikwenda kwa fundi, akamwomba azime. Fundi alizima, ni mtu muungwana. Basi likaondoka likiimba. Wakati mama anarudi kwenye vitunguu vyake, kijana mmoja ambaye si mtani wa mtu yeyote pale, mgeni aliyekuja kuuza ng'ombe, akampigia kelele: "Mama Ufunguo, tufungulie." Watu wakacheka, na sidhani walicheka kwa ubaya. Jina lile lilimganda. Niliwahi kulisikia mjini, miaka mingi baadaye, kwa watu ambao hawakujua lilikotoka.

Ndipo nikaelewa nilichofanya, au nilianza kuelewa. Msibani alikuwa na njia ya kuninyamazisha. Alisema neno moja, nikavua koti. Nilikuwa nimechukua kitu chenye mwisho nikakiondolea mwisho wake, na hapakuwa na jogoo wa kumpa spika.

Katika wiki zilizofuata nilizunguka Mtinko, Singida mjini, hata Ihanja, nikiomba watu wanirudishie kanda niwape nyingine. Wengi walikubali, lakini walikuwa wameshanakili, baadhi yao kwenye kibanda changu mwenyewe nikiwa safarini. Redio moja ya mjini iliupiga wimbo ule mara kadhaa. Wa vitunguu hawakuupiga hata siku moja. Mwenzangu hakuandika tena mistari, au akiandika hakunionyesha. Sikuwahi kumsikia akinilaumu mbele ya mtu. Aliwahi kuulizwa mbele yangu nani alitunga ule wa ufunguo, akajibu, "Tulikuwa wawili." Ningependa asingesema hivyo, kwa sababu si kweli.

Lakini nirudi kwenye siku ile. Mnada ulipovunjika tulirudi nyumbani kwao, sisi watatu, na redio imezimwa juu ya baiskeli. Njiani nilimwambia mama kwamba nimekosa, kwamba nilidhani atacheka. Alisema, "Nimesikia, baba." Hakuwahi kuniita baba. Siku zote aliniita Mnyamwezi, au mla vya watu, au mtumwa wetu, na mimi nilimjibu mabaya zaidi, na hivyo ndivyo tulivyopendana. Nikajaribu. Nikamwambia vitunguu vyake vinanuka kama Wanyaturu wenyewe. Akasema, kwa upole, "Ni kweli, mwaka huu havikukauka vizuri." Mwenzangu aliangalia chini, akaendelea kusukuma baiskeli.

Tulipofika nilikwenda jikoni kama kawaida yangu, maana nyumba ile nilikuwa naingia popote, nakaa kwenye kigoda karibu na moto na kunyoosha mkono kwenye sinia lao. Dada mdogo wa mwenzangu alinizuia mlangoni. Alikuwa na maji ya vuguvugu na taulo safi begani. Akasema nimeandaliwa sebuleni. Pale mezani palikuwa na kitambaa na kiti kimoja. Mwenzangu alikuja akasimama kidogo, akaniambia nijisikie nyumbani, kisha akarudi jikoni kwa wenzake, na sikumlaumu, kwa kuwa sinia lilikuwa kule.

Wao walikula ugali wa uwele na mlenda, na niliwasikia wakila bila maneno mengi. Mimi nililetewa wali na nyama, kwenye sahani ya maua iliyofunikwa na sahani nyingine.